Nyimbo Wasizoagizwa

Kevin Shields ni mtu wa kusubiriwa. Bendi yake, My Bloody Valentine, ilitoa albamu ya Loveless mwaka 1991, na iliyofuata ikaja 2013. Hapo katikati mashabiki walizeeka. Ungetegemea basi kwamba kila anapogusa gita, popote pale, habari zitaenea siku hiyo hiyo. Lakini mwaka 2019 gita lake lilisikika ndani ya albamu ya wakulima wa Rwanda, na mpaka leo ukiligusia jambo hilo hapa Kigali, hata kwa wale wanaojidai kuijua roki toka enzi za kaseti, wengi watakukodolea macho.

Albamu hiyo ni Rwanda, You Should Be Loved, na kundi lenyewe ni The Good Ones. Shields hakuwa mgeni pekee. Nels Cline, mpiga gita wa Wilco, yumo. Corin Tucker wa Sleater-Kinney yumo. Tunde Adebimpe wa TV on the Radio naye yumo. Hawa si watu wa kuokoteza. Ni kama timu ya mtaani Biryogo icheze mechi moja na nusu ya kikosi cha Arsenal, na asiwepo aliyekwenda kutazama.

Wenye kundi ni Adrien Kazigira, mtunzi na mpiga gita, na Janvier Havugimana, anayeitikia na kupiga chochote kinachotoa mlio. Kazigira ni mkulima. Anaishi na kulima kwenye kilima kile kile alichozaliwa, na alinusurika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwaka 2009 alifika nchini prodyuza wa Kimarekani, Ian Brennan, akiwa na mkewe Marilena Umuhoza Delli, mpiga picha ambaye baba yake ni Mwitaliano na mama yake ni Mnyarwanda. Waliwarekodi hapa Kigali, barazani, bila studio. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya kwanza, Kigali Y' Izahabu, yaani Kigali ya dhahabu.

Ile ya 2019 ilirekodiwa shambani kwa Kazigira. Brennan hana subira na studio: anaweka vinasa sauti karibu na watu, wanaimba pamoja kwa mkupuo mmoja, na kikohozi kikitokea kinabaki. Sikiliza namna sauti mbili zinavyoshikana. Kazigira anatangulia, kidogo tu, kana kwamba amekumbuka jambo njiani. Havugimana anaingia kabla sentensi haijakwisha, na kuanzia hapo hawaachani tena mpaka wimbo uishe. Gita linadonolewa uzi mmoja mmoja, haraka, halikwaruzwi. Sauti za wale wageni mashuhuri ziliwekwa juu ya kazi iliyokwisha kukamilika, na wengi wao wamejikalia kimya nyuma. Shields, ambaye kwenye bendi yake gita hujaza chumba mpaka madirisha yatetemeke, hapa amejibana kama mgeni aliyekaribishwa kwenye kiti cha pembeni.

Na wanaimba nini? Mapenzi, kwa kiasi kikubwa. Mwanamke aliyeondoka, mwanamke aliyebaki, rafiki, mpira wa miguu wa majira fulani ya ujana. Sasa tazama majina ambayo albamu zao zimebeba baada ya ile ya kwanza: Rwanda Is My Home ya 2015, Rwanda, You Should Be Loved ya 2019, Rwanda… You See Ghosts, I See Sky ya 2022, Rwanda Sings with Strings ya 2025. Nchi nzima iko kwenye kila jalada. Ndani ya jalada kuna mtu anayembembeleza mpenzi wake.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mwanamuziki wa Rwanda akivuka mpaka huulizwa kwanza habari za 1994, halafu, muda ukiruhusu, huulizwa anapiga gita kwa mtindo gani. Dunia inamwagiza wimbo mmoja. Wapo walioupokea mzigo huo kwa hiari na wakaubeba kwa heshima. Jean-Paul Samputu, mshindi wa tuzo ya Kora mwaka 2003, amezunguka mabara akizungumzia msamaha kwa sababu aliamua kumsamehe rafiki wa utotoni aliyehusika na kifo cha baba yake. Lakini ukitaka kumjua msanii mwenyewe, si shahidi wala balozi, tafuta kazi zake za pembeni: albamu ambayo haikuuza, kipande alichochangia kwa wenzake, wimbo alioimba nje ya bendi iliyompa jina. Huko ndiko anakoimba asichoagizwa.

Ngoma za jirani

Roki ya Magharibi nayo ina rekodi zake za pembeni katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu, na si zote zinapendeza.

Mwaka 1967 Wafaransa waliokuwa wakikusanya muziki kwa ajili ya lebo ya Ocora walirekodi wapiga ngoma wa Burundi. Ni zile ngoma kubwa, ingoma, zinazochongwa kwa gogo la mti uitwao umuvugangoma na kuvalishwa ngozi ya ng'ombe. Katika enzi za wafalme hazikupigwa ovyo ovyo: zilikuwa za mwami, na mahali kama Gishora, karibu na Gitega, zilitunzwa kama vitu vitakatifu. Santuri ya Ocora ilikusudiwa kwa maktaba na maprofesa. Lakini mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Paris akazichukua ngoma zile, akazibandikia piano na gita, akauita wimbo huo Burundi Black, ukaingia kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, akiwa kileleni kwa umaarufu wake wa gita kavu na mashairi ya ndani ya moyo, akazirudisha tena ngoma zile zile kwenye wimbo The Jungle Line, katika albamu ya The Hissing of Summer Lawns, huku kinanda cha umeme kikinguruma juu yake. Ni miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa katika muziki wa pop ya kukata kipande cha rekodi ya watu wengine na kukizungusha kiwe mdundo wa wimbo mpya. Miaka mitano baadaye Adam and the Ants wakajenga bendi nzima, yenye wapiga dramu wawili, juu ya mdundo huo, na magazeti ya London yakaanza kuandika juu ya mdundo wa Burundi kana kwamba ni aina ya viatu.

Naupenda wimbo wa Mitchell. Ni wa ajabu, umejaa giza na moshi, na ulimgharimu wasikilizaji waliotaka aendelee kuimba kama zamani. Kwake ulikuwa wimbo asioagizwa kwa maana kamili ya neno. Lakini wale waliokuwa wanapiga ngoma waliagizwa na mwenye kinasa sauti, wakapiga, wakarudi nyumbani, na mdundo wao ukapanda chati pasipo jina la hata mmoja wao.

Halafu kuna kisa cha Stewart Copeland, ambacho ni kichekesho zaidi kuliko dhuluma. Mwaka 1983 The Police walikuwa bendi kubwa kuliko karibu zote duniani. Mwaka uliofuata hawakuwa wakizungumza vizuri. Sting akaelekea kwenye jazi. Copeland, mpiga dramu, akaja Afrika na kamera. Matokeo ni The Rhythmatist ya mwaka 1985, albamu na filamu ambavyo vimesahauliwa hata na mashabiki wengi wa The Police. Nyimbo zina majina kama Samburu Sunset, Serengeti Long Walk na Brazzaville. Katika filamu kuna mandhari ambapo Copeland anapiga dramu akiwa ndani ya kizimba, na nje ya kizimba simba wanazunguka, wakionekana kuwa na hamu zaidi ya nyama iliyo ndani kuliko ya mdundo. Ujinga mtupu. Lakini ukifumba macho na kuacha albamu izunguke, kuna mahali sauti ya Ray Lema wa Kongo inapanda juu ya dramu, na kwa dakika chache mtalii anatoweka, wanabaki wanamuziki wawili. Hizo dakika zinatosha kuisamehe filamu, karibu.

Wapiga ngoma wa Burundi wenyewe walikuja kupewa jukwaa lao. Mwaka 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD lililoandaliwa na Peter Gabriel huko Uingereza, walipanda jukwaani na bendi ya Echo and the Bunnymen ya Liverpool, wakapiga pamoja. Mwaka 1993 lebo ya Real World ikatoa albamu ya moja kwa moja kwa jina lao wenyewe. Na mwaka 2014 UNESCO ikaiweka ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha yake ya urithi. Tofauti kati ya 1975 na 1982 ni ndogo kuieleza na kubwa kuiishi: mara hii walikuwa ukumbini wenyewe, wakionekana.

Ndiyo maana naiona albamu ya The Good Ones kuwa ni hatua nyingine mbele. Hapa wageni ndio waliopewa nafasi. Wimbo ni wa Kazigira, lugha ni ya Kazigira, jina la jalada ni la kundi lake, na nyota wa Chicago na Dublin wameandikwa kama waalikwa. Brennan huyo huyo alikwenda kisiwa cha Ukerewe, Tanzania, kurekodi watu wenye ualbino, wengi wao wasiowahi kuhimizwa kuimba hata kanisani, na albamu ikatoka 2017 kwa jina la White African Power. Mtu anaweza kumlaumu kwa kupenda mno visa vyenye machozi. Mimi hunisumbua pia namna lebo zinavyotanguliza simulizi kabla ya sauti. Ila kazi yake haina kizimba cha simba.

Cornelius

Turudi Kigali, kwa kijana aliyekulia hapa. Corneille Nyungura alizaliwa mwaka 1977 Freiburg, Ujerumani, wazazi wake wakiwa masomoni, akaletwa Rwanda akiwa mtoto. Mwaka 1993 alishiriki shindano la uimbaji la televisheni ya taifa, ambayo ilikuwa na miezi tu tangu ianze, akashinda. Mwaka mmoja baadaye wazazi na ndugu zake waliuawa nyumbani. Yeye alinusurika, akatembea mpaka Zaire, kisha akapokelewa Ujerumani na marafiki wa wazazi wake. Mwaka 1997 akahamia Montréal.

Wimbo na albamu vilivyomtangaza, Parce qu'on vient de loin, vilitoka Kanada mwaka 2002 na Ufaransa mwaka uliofuata, na kwa kipindi fulani hakukuwa na redio ya Kifaransa usiyoweza kumsikia. Gita kavu, sauti laini, na nyuma yake historia ambayo kila mwandishi wa habari aliirudia katika aya ya pili. Albamu ya 2005, Les marchands de rêves, iliendelea njia hiyo.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonivutia. Mwaka 2007 akaacha Kifaransa, lugha iliyompa jina na kipato, akatoa albamu ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho: The Birth of Cornelius. Cornelius ndilo jina lake la kuzaliwa. Ni albamu ya mtu aliyelelewa na Marvin Gaye, Stevie Wonder na Prince, na mara hii hajifichi: besi imesogezwa mbele, sauti ya juu ya koo inatumika bila haya, mapigo yana unyevunyevu wa soul ya miaka ya 1970. Mashabiki wa Paris walibaki njia panda. Wale waliompenda kwa maneno yake hawakuyafuata maneno, na Waingereza na Wamarekani hawakuwa wakimngoja. Miaka miwili baadaye alirudi kwenye Kifaransa kwa albamu aliyoiita Sans titre, yaani isiyo na jina, na ukipenda unaweza kusoma uchovu fulani hapo.

Mimi nairudia ile ya 2007 kuliko zote. Ndani yake kuna wimbo uitwao I'll Never Call You Home Again, sitakuita tena nyumbani. Wimbo wa namna hiyo angeuimba kwa Kifaransa, siku ya pili angekuwa kwenye meza ya televisheni akitakiwa aueleze. Kwa Kiingereza uliachwa uwe wimbo. Unaanza kimyakimya, unapanda, unashuka, unaondoka. Lugha ya tatu ilimpa faragha ambayo lugha ya umaarufu wake isingeweza kumpa, na anayedhani albamu hiyo ilikuwa hesabu ya kibiashara tu hajaisikiliza kwa utulivu.

Kazi nyingine zake za pembeni ni za kujifurahisha, na hilo nalo ni haki yake. Kabla ya umaarufu alikuwa kwenye kikundi cha R&B cha Montréal kiitwacho O.N.E. Miaka ya 2010 alivaa suti na kuimba nyimbo za enzi ya Frank Sinatra katika mradi wa Forever Gentlemen, pamoja na Garou na Roch Voisine. Mwaka 2018 akatoa Love & Soul, akiimba vibao vya soul vya wakubwa waliomtangulia. Hakuna Rwanda hata chembe katika kazi hizo, na anayeimba nyimbo za Sinatra halazimiki kuiweka Rwanda ndani yake.

Stromae naye ana pembe zake. Paul Van Haver alizaliwa Brussels mwaka 1985; baba yake, msanifu majengo Pierre Rutare, aliuawa hapa mwaka 1994. Dunia inamjua kwa Papaoutai ya 2013, wimbo unaomtafuta baba, na Kigali ilimngojea kwa sababu hiyo hiyo. Safari iliyopangwa Juni 2015 ilivunjika kwa maradhi. Akaja tarehe 17 Oktoba mwaka huo, akafunga ziara yake ya Racine Carrée pale Gisozi, kwenye viwanja vya ULK. Baada ya usiku ule alitoweka jukwaani kwa miaka.

Ila mwaka mmoja kabla ya Gisozi alikuwa ameshiriki wimbo Meltdown, wa filamu ya Hunger Games, akiwa pamoja na Lorde, Pusha T, Q-Tip na bendi ya Haim. Umati wa Kigali haukuuhitaji. Na mwaka 2018, katikati ya ukimya wake, alitoa Défiler, wimbo wa karibu dakika 10 uliotungwa kusindikiza onyesho la mavazi la Mosaert, kampuni yake mwenyewe. Hauna kiitikio cha kuimbwa na uwanja mzima. Unatembea tu, kwa mwendo wa mtu anayepita mbele ya watu wanaomkagua kuanzia viatu. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi zake bora, na kwamba ulizaliwa kama muziki wa kuuzia nguo haunipunguzii hamu.

Waliozaliwa 1946

Wasomaji wa pwani watauliza mbona sijamtaja mtu wao. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, familia yake ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Vibao vya Queen hata mtoto wa shule anavijua. Kazi zake za pembeni ni hadithi nyingine. Mwaka 1973, kabla Queen hawajatoa hata albamu moja, aliimba singo kwa jina la bandia la Larry Lurex, na haikuenda popote. Mr. Bad Guy ya 1985 ni ya muziki wa dansi na mapenzi, na ingawa ilifika nafasi ya 6 Uingereza, wenzake wa bendi hawakuhisi haja ya kuwa na wasiwasi. Kisha mwaka 1988 akatoa Barcelona na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, mwanamke ambaye alikuwa amemhusudu kwa muda mrefu. Watu wa roki walitikisa vichwa na watu wa opera wakatikisa vya kwao. Yeye alikuwa na furaha ya mtoto. Alipofariki Novemba 1991, hiyo ndiyo kazi iliyomwonyesha akiwa amevua taji la uwanja wa mpira na kubaki na sauti tu, mbele ya sauti kubwa kuliko yake, na akiridhika iwe hivyo.

Mwaka huo huo wa 1946, hapa Kigali, alizaliwa Cécile Kayirebwa. Mwaka 1973 alikimbilia Ubelgiji kuyahepa mateso waliyofanyiwa Watutsi. Kwa Wanyarwanda waliotawanyika, kuanzia Bujumbura mpaka Brussels, sauti yake ikawa ndiyo nchi. Alizitafuta nyimbo za kale, za kinamama na za baraza la mwami, akaziimba upya kwa ustadi ambao mpaka leo hakuna aliyemkaribia. Lebo ya GlobeStyle ya London iliwatolea wasikilizaji wa nje albamu yake iitwayo Rwanda mwaka 1994, mwaka ambao jina hilo lilikuwa na maana nyingine kabisa kwenye taarifa za habari. Tena Rwanda kwenye jalada.

Wachache wanakumbuka kwamba huko Brussels alipitia pia kundi la Bula Sangoma, ambako sauti iliyozoea inanga, ala ya nyuzi ya jadi, ilisimama pamoja na ala za kisasa za umeme na wanamuziki wasiojua Kinyarwanda. Ukimsikia Kayirebwa katika mazingira hayo unaelewa kwamba angeweza kuwa mwimbaji wa aina nyingine. Alikuwa na mwendo, alikuwa na ucheshi. Alichagua kuwa hifadhi ya taifa lisilo na hifadhi, na siwezi kusema alikosea. Nasema tu kwamba kulikuwa na chaguo. Baadaye sana, nchi ilipokuwa imetulia na vituo vya FM vimejaa angani, alivipeleka baadhi yavyo mahakamani kwa kupiga nyimbo zake bila idhini wala malipo. Kuna walioshangaa: nyimbo za Kayirebwa si za kila mtu? Zilikuwa zimeagizwa na wote kwa miaka 40, hata wakasahau kwamba zina mwenyewe.

Kwa wale waliobaki nchini, suala la rekodi za pembeni lina sura nyingine. Bendi za miaka ya 1970 na 1980, zile ambazo leo nyimbo zake huitwa karahanyuze, hazikuwa na kiwanda cha santuri cha kukimbilia. Rekodi nyingi zilifanywa na Radio Rwanda. Bendi iliingia studio, ikapiga, utepe ukawekwa kabatini, na wimbo ukaishi kwa sababu mtangazaji aliupenda. Kaseti zilizozagaa mitaani zilikuwa zimenaswa kutoka redioni, mara nyingine na sauti ya mtangazaji akiingilia kabla gita halijamaliza. Katika mfumo huo, mwimbaji akiimba peke yake nje ya bendi hakukuwa na jalada la kulionyesha hilo. Wimbo ulipangwa popote palipokuwa na nafasi.

Mfano ni André Sebanani. Jina lake halitenganishwi na Orchestre Impala, bendi iliyofanya ukumbi mzima uimbe pamoja nayo. Lakini alikuwa pia mwigizaji katika Indamutsa, kikundi cha maigizo cha Radio Rwanda, na aliimba nyimbo zake mwenyewe nje ya bendi. Ukisikiliza hizo utagundua kwamba Impala ilimfanya achangamke. Peke yake anavuta maneno, anamwachia msikilizaji nafasi, anaimba kama mwigizaji anayejua ukimya una kazi gani. Kwenye mtandao nyimbo hizo zimechanganywa na za Impala, hazina mwaka, hazina jina la mpiga besi, na anayezipakia hana wa kumuuliza. Sebanani aliuawa mwaka 1994. Cyprien Rugamba, mshairi na mwanzilishi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe na watoto wao kadhaa. Dieudonné Bizimungu, aliyeimba pamoja na mkewe Agnès Uwimbabazi, naye aliuawa. Waliokuwa wanajua nani alipiga nini siku ipi waliondoka katika miezi mitatu ile ile.

Kwa hiyo kazi ya kutenganisha wimbo wa bendi na wimbo wa mtu, ambayo London hufanywa na mzee mwenye kabati la santuri na daftari, hapa inafanywa kwa sikio. Wapo wanaoiweza. Wakae baani jioni ya Jumapili, burusheti ziko motoni, igisope, muziki wa bendi wa papo kwa papo, imeanza, na mpiga gita akianza utangulizi wa wimbo wa zamani watabishana: huu ni wa Impala, hapana huu ni wa Sebanani mwenyewe, sikiliza hapo anapoingia. Nyamirambo ubishi huo hufanyika kwa Kinyarwanda na Kiswahili kwa zamu, na mara chache hufikia mwafaka.

Makanyaga Abdul, mmoja wa waliozitengeneza karahanyuze zenyewe, ameendelea kupanda jukwaani na gita lake hata baada ya mashabiki wake wa kwanza kuwa mababu. Meza za mbele huwa zinamtaka aimbe Rubanda. Mwache aimalize hiyo, watu wapige makofi na kurudi kwenye chupa zao, ndipo umwombe ile ambayo haombwi.